Kona ya kitambaa yafichua bei ya ufundi Migori na Homa Bay

*Kona nadhifu ya mshazari hufundishwa darasani na kuachwa sokoni kwa sababu hakuna anayelipia muda wake. Serikali za kaunti, zinazofundisha ushonaji na kununua vitambaa vya hospitali, ndizo zenye uwezo wa kubadili hesabu hiyo.*

Na Mwandishi Wetu

CHEREHANI ya kukanyaga ina mahali pake pa kukwama. Fundi aliyeketi kwenye baraza la duka mjini Rongo hupiga pindo la kitambaa cha meza upande mzima bila kuinua macho. Akifika kwenye kona, mlio hubadilika. Huacha kukanyaga, hushika gurudumu kwa mkono na kulisukuma polepole. Sindano huzama nusu, hupinda, na mara nyingine hukatika.

Chanzo ni hesabu. Pindo lililokunjwa mara mbili lina matabaka matatu ya kitambaa. Mapindo mawili yanapopandana kwenye kona, matatu huzidishwa kwa matatu, na sindano hukuta matabaka tisa. Kwenye poplini nyepesi matokeo yake ni uvimbe usiopendeza. Kwenye khaki ya sare au kwenye turubai, sindano huvunjika.

Dawa yake ni ya zamani na inajulikana: kona ya mshazari. Badala ya pindo moja kulalia jingine, mapindo yote mawili hukatwa na kuunganishwa kwa mstari wa digrii 45, kama seremala anavyounganisha mbao za fremu ya picha. Kona hulala bapa. Pasi hupita juu yake bila kuruka.

Hata hivyo, kazi ya haraka huiruka kona hiyo. Kuanzia Isebania mpakani hadi Mbita ufuoni mwa ziwa, kazi inayolipwa kwa kipande haina nafasi ya dakika za ziada ambazo mteja hazioni. Hapo ndipo penye suala lenyewe: nani alipie unadhifu?

Hesabu ya kona

Anayetaka kujua kwa nini kona hii ina gharama na aifuate hatua kwa hatua.

Tuseme kitambaa cha meza kinatakiwa kiwe mita moja kila upande kikiisha kushonwa. Pindo ni sentimita 5, na sentimita 1 nyingine ni ya kukunjia ndani ili nyuzi zisichomoke. Kila ukingo unadai sentimita 6 za ziada, kwa hiyo kitambaa hukatwa sentimita 112 kwa 112.

Kabla ya mkasi, uzi mmoja huchomolewa karibu na ukingo. Alama inayoachwa na uzi huo ndiyo mstari wa kweli wa kitambaa, na mkasi hufuata hapo. Kitambaa kilichokatwa kwa kukadiria kwa jicho huenda upande, na mapindo yake hayatakutana vyema kwenye kona hata mshonaji awe hodari kiasi gani.

Ifuatayo ni kazi ya pasi. Sentimita 1 hukunjwa kuelekea ndani pande zote nne na kupigwa pasi. Kisha sentimita 5 hukunjwa, pasi ikapita tena. Baada ya hapo mikunjo yote hufunguliwa. Kwenye kila pembe pasi imeacha alama zinazokatizana, na pale alama za mkunjo mkubwa zinapokutana ndipo ncha ya kitambaa kilichokamilika itakapokuwa.

Sasa kipimo chenyewe: mara mbili ya upana wote wa pindo. Pindo zima ni sentimita 6, basi sentimita 12 hupimwa kutoka pembeni kwenye kila ukingo na kutiwa chaki. Mstari unaounganisha alama hizo mbili lazima upite juu ya makutano ya mikunjo mikubwa. Usipopita hapo, kuna kipimo kilichokosewa, na ni nafuu kukijua mapema kuliko baada ya kushona.

Kitambaa hukunjwa mshazari, uso wake ukiwa ndani, alama moja juu ya nyingine. Mstari wa chaki hushonwa kuanzia kwenye mkunjo na kuishia sentimita 1 kabla ya ukingo, na mishono michache hurudishwa nyuma ili usifumuke. Pembe iliyobaki nje ya mshono hukatwa, ikiachwa kama nusu sentimita. Mshono hufunguliwa kwa pasi, kona ikageuzwa na ncha yake ikasukumwa taratibu kwa kijiti kisicho kikali.

> Pindo la kukunja mara mbili lina matabaka matatu. Yakipandana kwenye kona, sindano hukuta tisa.

Hizo ni hatua za kona moja, na kitambaa cha meza kina nne. Seti ya vitambaa vya sebuleni, vya makochi, meza ndogo na meza kubwa, hufikisha kona nyingi kabla mshonaji hajagusa ua hata moja la kudarizi.

Aina ya kitambaa nayo ina neno lake. Pamba hushika mkunjo wa pasi na kuutunza. Poliesta huuachia mara pasi inapoondolewa, na joto likizidi huyeyuka. Kwa wengi wanaoshona vijijini pasi ni ya makaa, na cheche au jivu moja kwenye kitambaa cheupe ni hasara ya siku. Kwa mshonaji wa namna hiyo, kila safari ya ziada ya pasi ni hatari anayoibeba yeye, si mteja.

Kutoka Gendia hadi kwenye Katiba

Ushonaji wa aina hii una historia ndefu kando ya Ziwa Viktoria. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na vitambaa vya viwandani vikapata njia ya kuingia Nyanza kwa wingi. Mwaka 1906 mmisionari Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, aliyetoka nchi ambayo leo ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye misheni hiyo ikapata tawi Kamagambo, eneo la Rongo. Wakatoliki nao walijenga misheni Asumbi.

Katika shule za misheni za enzi hiyo wavulana walifundishwa useremala na uashi, wasichana wakafundishwa kushona. Kitambaa cha meza, foronya na leso ya mkononi vilikuwa masomo ya mwanzo, kwa kuwa ni vipande vya mraba au mstatili: mistari minne, kona nne, na hakuna mkono wala kola ya kumchanganya mwanafunzi.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake, na vikundi vyake vikapeleka masomo ya usafi, upishi na ushonaji hadi mashinani. Baada ya uhuru swali likageuka. Ripoti ya mwaka 1966 iliyotolewa na baraza la makanisa ya Kikristo nchini iliuliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na jibu lake likazaa vyuo vya ufundi vya vijijini. Ushonaji ukawa miongoni mwa fani zake za kudumu, pamoja na uashi na useremala.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliingiza Sayansikimu na sanaa za mikono katika shule za msingi, na watoto wengi wa Nyanza Kusini, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, walishika sindano kwa mara ya kwanza darasani. Masomo hayo ya vitendo yalipunguzwa baadaye. Katika mtihani wa kidato cha nne, Sayansikimu ingali na karatasi ya vitendo ya ushonaji, lakini huifanya mwanafunzi aliyelichagua somo hilo tu.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Jedwali lake la Nne linaorodhesha kazi za kaunti, na ndani yake, pamoja na elimu ya chekechea, vimetajwa vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Kwa hiyo tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mafunzo ya kushona pindo na kona katika vyuo hivyo yamekuwa dhamana ya Homa Bay na ya Migori, si ya Nairobi.

Kochi, msalaba na leso

Kona hizi ziko kila mahali kwa anayetazama. Ingia sebuleni mwa nyumba yoyote kati ya Oyugis na Muhuru Bay, na kuna uwezekano mkubwa ukakuta makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vyenye maua ya rangi, na juu ya meza kimoja kikubwa kilichotandazwa kwa heshima ya mgeni. Vingine vimedariziwa juu ya poplini. Vingine vimefumwa kwa kroshia tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfumaji wa kroshia ana namna yake ya kuikata kona. Akizunguka ukingo, kila tundu hupata fundo moja. Akifika pembeni hufuma matatu ndani ya tundu moja, ili ukingo upate nafasi ya kugeuka. Akisahau, kona hujikunja juu kama jani kavu. Akizidisha, huwa na mawimbi. Kanuni ni ileile ya mwenye cherehani: kona hudai hesabu tofauti na ukingo ulionyooka.

Makanisa nayo ni wateja wakubwa wa sindano. Got Kwer, katika kaunti ya Migori, ni mahali patakatifu pa Legio Maria, kanisa lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kumtambua Simeo Ondeto kama kiongozi wake wa kiroho. Waumini huvaa kanzu ndefu za rangi mbalimbali, na misalaba ni sehemu ya mavazi na vitambaa vya ibada. Wafuasi wa makanisa ya Roho pia huvaa kanzu zenye msalaba.

Msalaba wa kitambaa unaobandikwa juu ya kanzu ni mtihani kamili wa kona. Una kona 12: nane zinatokeza nje na nne zinaingia ndani. Za nje hukunjwa mshazari ili zisivimbe. Za ndani hukatwa kwa ncha ya mkasi, kitambaa kiweze kufunguka kikikunjwa. Mkato ukiishia mbali na mshono, kitambaa hujivuta. Ukiupita, nyuzi huchomoka baada ya kufuliwa mara chache.

Lakini si kila kona inadai mshazari, na fundi aliyeiva hujua tofauti hiyo. Leso huuzwa kwa jozi ikiwa haijakatwa, na pande zake ndefu zina ukingo wa kiwandani usiofumuka. Akishaitenganisha, fundi hupiga pindo jembamba kwenye ncha zilizokatwa, kazi ikaisha. Kuilazimishia leso kona ya mshazari ni kupoteza kitambaa na muda. Vitenge hali kadhalika vina kingo mbili zilizokamilika. Mshazari una faida pale kitambaa kilipokatwa pande zote nne na pindo ni pana.

Hoja ya fundi wa barazani

Upande wa kwanza katika suala hili ni wa mwenye cherehani. Hoja yake ni nzito na haistahili kupuuzwa.

Fundi wa barazani hulipwa kwa kipande. Kodi ya nafasi aliyokalia, uzi, sindano na mafuta ya mashine hutoka mfukoni mwake. Mteja akileta kitambaa cha meza, hupatana bei kwa ukubwa wa kitambaa na urembo anaouona. Kona huonekana zaidi upande wa chini, na ni wachache wanaokigeuza kitambaa kabla ya kulipa.

Kwa hesabu hiyo, fundi anayeshona kona za mshazari na jirani yake anayekunja tu na kupitisha mashine hupokea bei moja. Aliyekunja tu atamaliza vipande vingi zaidi kabla jua halijazama. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la pindo methali hiyo ina sharti moja: mnunuzi lazima akione hicho chema.

Kuna pia suala la msimu. Januari shule zinapofunguliwa, kazi ya sare hufurika. Kabla ya mazishi makubwa, harusi au sherehe za kanisa, vikundi vya akina mama huagiza sare zao kwa pamoja na kuzitaka kwa tarehe moja. Katika siku hizo fundi hupima kazi kwa saa, na kila hatua inayoweza kurukwa hurukwa.

> Fundi anayeshona kona ya mshazari na jirani anayekunja tu hupokea bei moja. Hasara ya unadhifu inabebwa na aliye nao.

Hoja ya mwalimu

Upande wa pili umekaa kwenye vyuo vya mafunzo ya ufundi na kwa watahini. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa ngazi tatu, kuanzia ya tatu ambayo ndiyo ya chini hadi ya kwanza. Mtihani una kazi ya vitendo, na mtahini hukigeuza kitambaa.

Mwalimu wa ushonaji huitetea kona kwa sababu inapima mambo mengi kwa wakati mmoja. Kona iliyokutana inaonyesha kwamba kitambaa kilikatwa kwa kufuata uzi, vipimo vilikuwa sawa pande zote, pasi ilitumika kabla ya cherehani, na mshonaji alijua wapi pa kuanzia na pa kuishia. Kosa katika hatua yoyote hujitokeza hapo. Ndiyo sababu mafunzo huanza na vipande vidogo vya mraba kabla ya gauni.

Kuna pia hoja ya uimara. Uvimbe wa matabaka tisa husuguliwa zaidi kila unapofuliwa, hukawia kukauka, na nyuzi zake huanza kukatika hapo kabla ya sehemu nyingine. Kitambaa ambacho kingedumu miaka kadhaa huanza kuonekana kichakavu kwenye pembe zake. Mnunuzi aliyedhani ameokoa pesa huirudia gharama mapema.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba cheti hakiambatani na soko. Kijana anaweza kuhitimu akiwa na mkono mzuri, akaenda barazani Awendo au Homa Bay, na kugundua kwamba kile alichopewa alama kwacho hakimpi mteja. Baada ya muda, mkono hufuata malipo.

Hoja ya mnunuzi

Upande wa tatu ni wa anayetoa pesa. Mwenye nyumba mwenye kipato kidogo ana njia nyingine. Mitumba hufika kutoka Gikomba, Nairobi, na kutoka Kibuye, Kisumu, ikiwa na shuka, foronya na vitambaa vya meza vilivyoshonwa viwandani. Madukani kuna seti za vitambaa vya poliesta vilivyotoka ng'ambo, vikiwa na maua yaliyopigwa kwa mashine na kingo zilizokatwa kwa joto. Hivyo havina pindo la kukunjwa, kwa hiyo havina kona ya kuhangaikia.

Mnunuzi huyo si adui wa fundi. Ana mtoto wa kulipia karo na ana haki ya kutafuta nafuu. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ilipata nguvu wakati viwanda vya nyumbani vilipodhoofika. Maeneo makavu ya ufuo wa ziwa, kama Karachuonyo na Nyatike, yalilima pamba. Kisumu ilikuwa na kiwanda cha vitambaa cha KICOMI. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo za bei ya chini zikaingia, KICOMI ikafungwa, na mkulima wa pamba akageukia mazao mengine.

Tangu hapo fundi wa Nyanza Kusini hushindana na bidhaa iliyokamilika huku malighafi yake ikitoka mbali. Hawezi kushinda kwa bei. Kinachobaki mikononi mwake ni ubora na kipimo maalumu: kitambaa kinachoikaa meza hii hasa, kwa rangi hizi hasa, kitakachodumu. Bila kona nzuri, hata hicho hana.

Mwalimu ndiye mteja

Katika mabishano haya ya pande tatu kuna wa nne ambaye hatajwi sana, naye ndiye mwenye uwezo mkubwa kuliko wote: serikali ya kaunti.

Jedwali lile la Nne linaloipa kaunti vyuo vya ufundi ndilo linaloipa pia vituo vya afya na hospitali za kaunti. Homa Bay na Migori zina hospitali za rufaa, hospitali ndogo katika kaunti zao ndogo, na zahanati hadi mashinani. Kila kituo kinahitaji shuka, foronya, mapazia, vitambaa vya kufunikia vifaa vya upasuaji, vitambaa vya kupokelea watoto wachanga na vya kutandika meza za matibabu.

Si vyote vinavyodai mshazari. Shuka iliyokatwa kutoka kitambaa chenye upana wa kitanda ina kingo mbili za kiwandani, na pindo la juu na chini linatosha. Lakini vitambaa vya upasuaji, vya mtoto mchanga na vya meza hukatwa kutoka vipande vikubwa na kubaki na kingo nne mbichi. Hufuliwa kwa maji moto na dawa kali mara nyingi kuliko kitambaa chochote cha nyumbani. Kona yenye uvimbe hushika unyevu na kuchakaa haraka, na katika wodi unyevu ni jambo la afya.

Wauguzi wanaielewa lugha hii. Homa Bay na Migori zote zina matawi ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, na miongoni mwa mambo ya mwanzo anayofundishwa muuguzi ni kutandika kitanda, shuka ikikunjwa kwenye pembe ya godoro kwa digrii 45 ili ikae imara chini ya mgonjwa. Wodi inayodai kona ya mshazari kwenye kitanda ina kila sababu ya kuidai kwenye kitambaa.

Sheria nayo imefungua mlango. Tangu mwaka 2013 kuna utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ikautia nguvu. Kikundi cha wanawake wanaoshona Ndhiwa au Uriri, kikiwa kimesajiliwa, kinaweza kuomba kazi hiyo.

> Kaunti inamfundisha kijana kushona kona, kisha inanunua kitambaa bila kuiulizia kona hiyo. Hapo ndipo ufundi unapopotea.

Lakini mlango huo hautamfaa fundi ikiwa zabuni inaeleza ukubwa, rangi na idadi peke yake. Maelezo yakiishia hapo, mshindi ni mwenye bei ya chini, na mwenye bei ya chini ni yule aliyeruka kona au aliyenunua kwa jumla na kuleta. Aliyejifunza vizuri kwenye chuo cha kaunti atashindwa katika zabuni ya kaunti kwa sababu ya kile alichofundishwa na kaunti.

Wanaopinga wanasema nini

Zipo hoja dhidi ya wazo hili. Ya kwanza ni kwamba bajeti ya afya ina mahitaji ya dharura zaidi kuliko pindo: dawa, mishahara, umeme wa hospitali. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini vitambaa vitanunuliwa vyovyote iwavyo. Swali ni kama vitanunuliwa vya kudumu au vya kurudiwa kununuliwa.

Ya pili ni kwamba vikundi vidogo haviwezi kushona kwa wingi na kwa wakati. Hilo linategemea ukubwa wa agizo. Zabuni moja kubwa ya kaunti nzima humfaa mwenye bohari. Ikigawanywa kwa kaunti ndogo, hospitali moja baada ya nyingine, inamfikia anayeshona Kendu Bay au Kehancha. Vyuo vya ufundi vyenyewe vinaweza kuwa vitovu: vina cherehani, vina pasi za umeme, na vina walimu wanaoweza kukagua kazi kabla haijatoka.

Ya tatu, nayo ni nzito zaidi, ni kucheleweshewa malipo. Kikundi kilichonunua kitambaa kwa mkopo hakiwezi kungoja miezi mingi. Kaunti zikitaka ufundi wa mashinani, lazima zilipe kazi ndogo kwa haraka. Kinyume cha hapo, asilimia 30 itabaki kwa wale wanaoweza kungoja, na hao mara nyingi si mafundi.

Mistari michache ya kuandika

Suluhisho halihitaji sheria mpya wala mradi wa kuzinduliwa kwa hema na vipaza sauti. Linahitaji mistari michache katika maelezo ya zabuni ijayo ya vitambaa vya hospitali: aina ya kitambaa na kiwango cha pamba, upana wa pindo kwa sentimita, vipande vyenye kingo nne zilizokatwa viwe na kona za mshazari zilizoshonwa, na sampuli moja ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya agizo kukubaliwa.

Mstari wa mwisho uhusu mkaguzi. Chuo cha ufundi cha kaunti kinachofundisha ushonaji kina mwalimu anayejua kona nzuri akiiona. Ahusishwe katika kupokea bidhaa, akigeuze kitambaa, na sahihi yake ihesabiwe.

Faida yake itavuka ukuta wa hospitali. Fundi akishajua kwamba kuna mteja mmoja mkubwa anayelipia kona, ataitunza stadi hiyo mkononi. Atamfundisha anayemsaidia barazani. Mwenye nyumba anayeagiza vitambaa vya sebule ataanza kuona tofauti, na atakuwa na neno la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Bei ya unadhifu itakuwa imeandikwa mahali, na bei iliyoandikwa hupatanwa kwa urahisi kuliko ile isiyotajwa kabisa.

Homa Bay na Migori hazikosi mikono. Kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu enzi za misheni, mikono hiyo imefundishwa kupima, kukunja na kushona. Jukumu la kuifundisha sasa ni la kaunti, na pesa za kununua kazi yake zinapita mikononi mwa kaunti hizohizo. Zikiwa tayari kulipia kile zinachofundisha, kijana atakayehitimu ushonaji hatalazimika kukisahau ili apate riziki.